Kukhu Juu ya Mkeka wa Dansi

Wiki mbili baada ya kumzika baba tulikwenda Kitale kuhamisha vitu vyake. Mimi nilipewa stoo. Juu ya kabati, nyuma ya mtungi wa gesi uliokwisha zamani, nilikuta furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, na nilipoifungua ile kamba harufu ya plastiki kuukuu ikanipiga usoni kabla sijajua nimeshika nini. Nikakaa chini, pu, juu ya gunia la mahindi. Ndugu yangu Simiyu, ambaye siku hizi ana kitambi na watoto watatu, alichungulia mlangoni akaniuliza kama nimeona panya. Nikamwonyesha. Naye akakaa.

Ulikuwa mkeka wa dansi. Wale wa rika langu mtaukumbuka, hata kama mliuona kwa jirani tu: plastiki laini yenye sponji ndani, mishale minne mikubwa, wa mbele, wa nyuma, wa kushoto na wa kulia, na waya mrefu wa kuchomeka kwenye televisheni. Muziki ukianza, mishale inapanda kwenye kioo mmoja mmoja, nawe unakanyaga wa kwako chini kwa wakati wake. Ukipatia, mwanamke fulani aliyejificha ndani ya televisheni anapiga kelele, "Pafekti!" Ukikosa anasema "Missi!" kwa kiburi ambacho kilinifanya nimchukie kama nilivyomchukia mwalimu wetu wa hesabu. Senge, yaani dada yake baba, alikuwa akifanya kazi Uarabuni, na ndiye aliyetutumia. Ploti nzima, yaani nyumba zote za kupanga za ua wetu, haikuwa na mwingine.

Tulikuwa tukiishi nyuma ya msikiti, nyumba ya vyumba viwili na sebule, sakafu ya simiti nyekundu ambayo mama aliing'arisha kila Jumamosi hadi mgeni akiingia anatembea kwa adabu. Mama aliuza nguo za mitumba sokoni. Baba alikuwa karani katika ofisi moja Bungoma; alikuja nyumbani Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na ulimi mrefu kuliko umri huo. Simiyu alikuwa na sita.

Mwaka ule Kukhu alikuja kukaa Kitale. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake mama, mwenyeji wa Kimilili. Alikuwa amepatwa na kiharusi kidogo kilichomwacha na mguu wa kushoto mzito, akiuburuta kama mtu anayevuta gunia. Hospitali ya Kitale ilimtaka aende kila wiki kufanyishwa mazoezi. Kutoka kwake ni mbali, kwa hiyo mama akamleta.

Lakini hakulala kwetu. Alilala kwa Mama Zuhura, jirani yetu wa mlango wa tatu, mjane aliyekuwa na kitanda cha ziada na moyo wa ziada. Mchana Kukhu alikaa sebuleni kwetu. Ijumaa ikifika saa kumi, alikusanya kikapu chake, leso zake na fimbo yake, akaondoka. Baba alipofika hakuingia moja kwa moja. Alisimama langoni akakohoa. Akaita jina langu mara tatu, kwa sauti ya kuita ng'ombe, kisha akangoja. Kama Kukhu alikuwa amechelewa, ungemwona akitoka kwa mlango wa nyuma, fimbo ikigonga, mguu ukiburuta, anakimbia mbio za kutia huruma.

Kisha ilianza kazi yangu ya utarishi. "Muulize Kukhu hajambo?" Naenda milango mitatu. "Mwambie baba yako sijambo, mvua imenyesha Bungoma?" Narudi. "Mwambie imenyesha. Mpelekee hii nyama." Na kuta za ploti ile zilikuwa nyembamba hata mtu akipiga chafya kwetu, Mama Zuhura anamwombea rehema kwake.

Wenzangu wa Bungoma mmeshaelewa, na najua mnacheka. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawalali chini ya paa moja. Kadiri wanavyoheshimiana ndivyo wanavyokaa mbali. Lakini asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa mtoto wa town, sikuambiwa. Nilimwuliza mama mara moja akiwa anapiga pasi. Akanijibu, "Ni heshima," akageuza kola. Heshima niliyoijua mimi ilikuwa kuamkia wageni na kutoongea na chakula mdomoni. Sikuwahi kuona mtu akikimbia kwa mlango wa nyuma kwa sababu anaheshimiwa.

Basi nikajitafutia jibu langu. Baba hampendi Kukhu, na hampendi kwa sababu ya ule mguu. Ushahidi nilikuwa nao: Kukhu hakuwahi kufukuzwa kwetu kabla ya mguu kuharibika. Kwamba hakuwahi hata kuja kwetu kabla ya hapo, hilo sikulihesabu. Nilianza kumpelekea baba chai bila kumtazama. Nilimwona akiikoroga polepole, akitaka kuniuliza kitu, na nikaondoka kabla hajauliza. Nilimchukia kwa miezi miwili mizima, na nilipiga magoti usiku nikamwomba Mungu amfundishe adabu.

Na kwa kuwa Mungu alikuwa akichelewa, niliamua kuutengeneza mguu mwenyewe. Ukipona, niliwaza, baba hatakuwa na sababu tena. Kukhu atalala kwetu, kwenye kitanda changu, na mimi nitalala chini.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alitoka asubuhi na mapema, nasi tukabaki na Kukhu, ambaye alipaswa kuinua mguu na kuushusha mara ishirini, apumzike, aanze tena. Alikuwa amechoshwa na mazoezi hayo kupita kiasi. Alipenda zaidi kututazama tukicheza na kutukosoa.

"Wewe Simiyu, unaruka kama chura. Mwili iko wapi?"

"Kukhu, si ucheze wewe basi," nikamwambia.

"Mimi? Na hii mguu?"

"Ndiyo dawa ya hiyo mguu."

Alinitazama, kisha akautazama mkeka. Akavua viatu vyake vya raba akaviweka sambamba kando ya kochi, kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Siku ya kwanza alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili na nikamwekea wimbo wa polepole kabisa. Nilimpa mshale mmoja tu, wa kushoto, mwingine wowote aachane nao.

"Missi!" akasema yule mwanamke. "Missi! Missi!"

"Huyu mama ananitukana kwa nini?" Kukhu akauliza. "Nimemkosea nini?"

"Hajakutukana, Kukhu. Anasema umechelewa."

"Mwambie mimi nilizaa watoto nane. Nitafika."

Siku ya nne alifika. Mguu wa kushoto ulitua pale palipotakiwa, na televisheni ikapiga kelele, "Pafekti!" Kukhu akapiga kelele kuishinda. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumbembeleza. Alikuwa akiuliza kama mama ameshaondoka kabla mama hajafika langoni. Wiki ya pili aliacha kushika kiti kwa mikono miwili, akashika kwa mmoja. Kisha akaanza kutikisa mabega, yale mabega ya ngoma za kwao ambayo mtu hajifunzi ukubwani, yanatetemeka mpaka unaona kama yanataka kumhama mwenyewe.

"Mkeka hauhesabu mabega, Kukhu."

"Basi ni mjinga."

Alitaka tuwe na siri. "Mama yako asijue. Atasema nimerudia utoto." Alikuwa na haraka yake pia: mahindi yake ya Kimilili yalikuwa yakikauka shambani, na hakuamini kuwa kuna mtu mwingine duniani anayejua kuvuna. Nami nilikuwa na haraka yangu. Kila Ijumaa alipokusanya kikapu na kutoroka, nilihesabu moyoni: bado kidogo, bado kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mama Zuhura alikuwa amekwenda Bungoma kwenye harusi ya mpwa wake, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, wanawake wengine wa ploti walikuwa wametoka. Kukhu alisema leo hashiki kiti. Alipandisha gauni lake akalifunga kiunoni kwa leso ili magoti yawe huru. Kitambaa cha kichwani kilimletea joto, akakivua akakitupa kochini. Nilikuwa sijawahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe pepepe. Nikapandisha sauti ya televisheni hadi vikombe vikaanza kutetemeka ndani ya kabati la vioo.

Kushoto. Kulia. Mbele. Kushoto, kushoto. Simiyu alikuwa anapiga makofi. "Pafekti!" Mimi nilikuwa namwangalia miguu tu, nimeshika roho mkononi, maana kama angemaliza wimbo ule bila kushika kitu basi kesho nitamwambia baba, njoo uone.

Baba alikuwa amekuja kuchukua cheti alichokisahau. Alikohoa langoni, najua alikohoa. Aliita jina langu mara tatu. Muziki ukameza yote. Akadhani hakuna mtu, watoto wameacha televisheni inawaka, akafungua mlango.

Walitazamana. Haikuwa hata muda wa kupepesa jicho mara mbili, lakini niliona uso wa Kukhu na sijauona uso kama ule tena. Haikuwa hofu ya mtu anayechukiwa. Ilikuwa aibu tupu. Alijaribu kufanya mambo matatu kwa mpigo: kushusha gauni, kufunika kichwa kwa mkono na kukimbilia mlango wa nyuma. Mguu ule ambao ulikuwa umejifunza kushoto na kulia haukuwa umejifunza kugeuka. Mkeka ukateleza kwenye ile simiti ya mama, na Kukhu akaliangukia kabati la vioo.

Sauti ya vioo niliisikia baadaye, kama vile ilitoka nyumba nyingine. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya kabati na ukuta, na nyuma ya goti lake la kulia, ule mguu mzima, kulikuwa na mpasuko ambao damu yake ilitoka kwa kusukumwa, ikitulia, ikisukumwa tena. Mkekani damu ilifika kwenye mshale wa mbele. Nikazima televisheni. Sijui kwa nini ndilo jambo nililoanza nalo.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba, mwinue!"

Baba alikuwa ametugeuzia mgongo. Alisimama kizingitini akitazama nje, mikono yake imeshika fremu ya mlango pande zote mbili, na hakugeuka.

"Mwambie asiingie," Kukhu akasema chini. "Afadhali nikufe. Mwambie asiingie."

"Muulize Kukhu ameumia wapi," baba akasema akitazama nje.

Hapo ndipo nilipopasuka. "Anakusikia! Muulize mwenyewe! Anatoka damu na wewe unaangalia barabara!"

Akasema tena, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mama, tafadhali. Muulize."

Alikuwa akiniita mama pale tu alipokuwa akinibembeleza nikiwa mgonjwa. Nikauliza. Kukhu akasema ni nyuma ya goti. Nikamwambia baba. Akamtuma Simiyu akagonge milango yote ya ploti, amwite mwanamke yeyote, na Simiyu akaenda na kurudi akilia kwamba hakuna mtu. Baba akaniuliza damu inatoka vipi, inatiririka au inaruka. Nikasema inaruka. Akavuta pumzi.

"Chukua leso. Funga juu ya hapo palipokatika, sio penyewe, juu yake. Kaza."

Nilifunga. Mikono yangu ilikuwa inateleza kwa damu, fundo likakataa mara mbili. "Kaza zaidi," akasema. "Kukhu ataumia, usimwonee huruma. Weka goti lako hapo, vuta." Nikavuta mpaka Kukhu akatoa sauti. Damu ikapungua, ikawa ya kutiririka, lakini haikukoma. Midomo ya Kukhu ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na alianza kuongea na watu wasiokuwepo, kwa Kibukusu, juu ya mahindi. Nilijua, vile mtoto anavyojua kitu bila kuambiwa, kwamba anakufa, na kwamba ni mimi niliyemweka juu ya mkeka ule.

"Baba, inapita kwenye leso."

Akaachia fremu ya mlango. Kisha akasema, "Mfunike Kukhu blanketi. Kichwa mpaka miguu. Mwambie mkwe wake anaingia kumbeba, na amefunga macho."

Nikamwambia. Kukhu akatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Mwambie," baba akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, "mwambie nikimwacha afe hapa nitamwangalia bintiye na macho gani?"

Sikuhitaji kurudia. Kukhu alifumba macho yake, machozi yakamtoka kwenye pembe. "Afunge kabisa," akasema. "Wewe umwangalie. Akifungua uniambie."

Baba aliingia kinyumenyume, akipapasa kwa miguu, vioo vikivunjika chini ya viatu vyake. Nilimshika mkanda nikamwongoza. Akachuchumaa. Mimi na Simiyu tukamsukumia Kukhu mgongoni mwake ndani ya lile blanketi, na baba akainuka naye, akayumba, akasimama. Macho yake alikuwa ameyabana hata paji la uso limekunjamana.

Kutoka pale hadi kliniki iliyokuwa upande wa pili wa msikiti si mbali. Mtu mzima anatembea dakika tano. Sisi tulitembea miaka. "Kizingiti, Baba. Ngazi mbili. Sasa kuna mtaro, inua mguu, zaidi." Watu walisimama. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli alikuja mbio akasema, "Mzee, lete nikusaidie, si unaona huoni?" Kisha akaona blanketi, akaona yale macho yaliyobanwa, nadhani akaelewa. Alitutangulia tu akisukuma watu pembeni, "Pisheni, pisheni bana, mkwe amebeba mama." Mimi niliushika mkono wa baba kwa nguvu zangu zote. Miezi miwili ya hasira ilikuwa inanitoka nikitembea na nilikuwa naona haya, haya ya kuungua masikio. Watu wanaochukiana hawabebani namna hii.

Pale kliniki, nesi alituelekeza kwenye kitanda akakimbilia vifaa. Baba akageuka akakaa ukingoni, akamlegeza Kukhu taratibu atue nyuma yake. Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu. Blanketi likanaswa, likabaki begani kwa baba, na Kukhu, nywele wazi, gauni limepanda mapajani, akaanza kuteleza upande wa ukuta ambako sikuweza kufika. Nikapiga kelele. Baba akafungua macho.

Aligeuka akamdaka kwa mikono miwili, akamrudisha kitandani. Alimtazama. Alishusha gauni hadi vifundoni, akamfunika blanketi, akazifunika na nywele zake. Kisha akafumba macho tena na kupapasa ukuta hadi akatoka nje, na mimi tu ndiye niliyeona, kwa sababu Kukhu macho yake hayakufunguka.

Walimshona. Walimwongeza maji kwenye mshipa. Mama, ambaye Simiyu alikuwa amekwenda kumwita, alikuja kutoka sokoni, akalia, akanichapa kofi moja, akanikumbatia, akaenda kutafuta dawa. Jioni Kukhu aliamka. Baba alikuwa ameketi nje kwenye benchi chini ya dirisha, ameipa kliniki mgongo.

"Wewe," Kukhu akaniita. Sauti ilikuwa ndogo. "Kuja hapa."

Nikasogea.

"Kuguswa, na ile ajali ya mlangoni, hiyo ni kitu ya kurekebisha. Wazee watakaa, kuku itachinjwa, itaisha." Akanishika kifundo cha mkono. "Lakini kuonwa kwa kujua, vile nilikuwa nimebebwa bila kitambaa, hiyo haina dawa. Nitarudi Kimilili na sitakanyaga tena pahali yeye iko. Hata kwa harusi yako. Hata kwa matanga ya mama yako. Kwa hivyo niambie ukweli ya Mungu. Alifungua macho?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, benchi lililia kidogo, kisha halikulia tena.

"Hakufungua, Kukhu," nikasema. "Nilikuwa namwangalia. Hata kidogo."

Alinikazia macho muda mrefu, nami sikuyaondoa yangu. Kisha akauachia mkono wangu, akavuta shuka hadi kidevuni, akalala. Upande wa pili wa dirisha nilimsikia baba akipenga kamasi, mara moja, na tena.